Zizi Dogo la Miba

Kwanza ulikuja mvumo. Haukuwa na upande. Ulianza mdogo, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kibuyu, kisha ukaingia katika mbao za lori, katika masufuria, katika meno yangu, na bado hatukuwa tumeona kitu ila anga jeupe la asubuhi na migunga iliyokwisha majani. Baba alizima injini. Mbuzi wetu wawili walisimamisha masikio. Katika msafara mzima kila mtu alijua la kufanya: shuka, ingia chini ya gari, lala kifudifudi, usikimbie. Miaka ile ya vita, mtu aliyekimbia alihesabiwa kuwa amekwisha kujibu swali ambalo hajaulizwa.

Shangazi yangu peke yake alifanya kinyume. Aliteremka kwa nyuma, akajitanda vizuri, akatembea mpaka mahali peupe pasipo hata kichaka, akasimama. Ndege ilipochomoza juu ya miti, ndogo, ya rangi ya vumbi, aliinua uso na mikono yote miwili akapaza sauti:

"Warran!"

Ndege ikapita. Kivuli chake kilimpitia yeye kwanza, kisha lori, kisha kikaenda zake juu ya mchanga kama mnyama asiye na miguu. Baba alitoka chini ya gari na vumbi ndevuni, akamkamata dadake mkono.

"Watakupiga risasi siku moja, wewe."

"Kwani nimewatukana? Nimewauliza habari."

"Hawasikii kule juu!"

"Basi ni viziwi. Mimi nimefanya yangu."

Warran maana yake ni toa habari. Kwetu wachunga ngamia, watu wawili wakikutana njiani hawaachani kwa salamu tupu. Anayetoka mbali huulizwa, naye hutoa yote aliyoyaona: mvua imenyesha wapi, kisima kipi kimekauka, ngamia gani amepotea na mara ya mwisho alionekana wapi, nani ameoa, nani amezikwa. Hachagui la kusema. Hata watu wa koo zenye kisasi hupeana habari kwanza, ndipo wakumbuke uadui wao. Na kama umekunywa maziwa ya mtu, huna tena mlango wa kutokea. Umpe habari yote, tamu na chungu. Kumficha mtu habari ya njia ni kufukia kisima kisha ukaenda zako.

Kwa hiyo shangazi alikuwa na hoja yake. Nani siku hizo alipita juu ya nchi nyingi kuliko yule aliyeruka? Watu wetu walikuwa wamefungiwa katika vijiji vya uzio, ngamia wametawanyika, njia zimefungwa. Rubani ndiye msafiri pekee aliyebaki. Basi rubani ndiye wa kuulizwa.

Swali lake lilikuwa moja. Mwanawe wa pekee alikuwa ameondoka visimani karibu na Dadaab wakati wa kiangazi, akiswaga ngamia kwenda kutafuta malisho. Akiwa huko ndipo ilipotoka amri ya serikali kwamba kila mtu na mifugo yake waingie kijijini, na atakayeonekana porini atahesabiwa ni adui. Hakurudi. Wengine walisema amevuka mpaka. Wengine walisema wapiganaji walioasi serikali wamemchukua, yeye na ngamia. Mmoja alisema amemwona Wajir akiuza sukari, amenenepa. Kila mtu alikuwa na maneno. Hakuna aliyekuwa na habari.

Niseme kuhusu lori, kwa kuwa ndilo lililokuwa nyumba yetu. Kwetu nyumba ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye hupinda fito, hufuma mikeka, hufunga mafundo. Siku ya kuhama huibomoa na kuipakia juu ya ngamia, na mume hana neno. Shangazi alibaki na fito na mikeka bila ngamia wa kuibeba. Ndipo akalitazama lori la baba, alilokuwa akisafirishia unga na sukari ya wenye maduka, akapanda juu, akaanza kufunga. Kabla ya jua kutua, nyuma ya lori palikuwa na nyumba kamili ya mviringo, yenye mikeka ya katani, yenye mkeka wa mlango na mahali pa moto penye bati chini yake.

"Hili lilikuwa lori langu," baba alisema.

"Bado ni lako, kutoka taa za mbele mpaka usukani. Kutoka hapo kwenda nyuma ni kwangu. Ukija, piga hodi."

Na baba, mtu wa ndevu nyekundu za hina, aliyeheshimiwa toka Garissa hadi Wajir, akawa anapiga hodi kwenye lori lake mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza shule ya bweni mwaka ule, kichwa kimejaa vitabu, nikijiona mtu mzima. Baba alikuja kunichukua Wajir. Ilikuwa safari yake ya mwisho. Alikuwa ameamua kuacha kazi ya njia ile na kuvuka mto Tana kwenda bara, ambako mama na wadogo zangu walikuwa wametangulia. Tulikuwa tunashuka kusini na msafara wa magari unaosindikizwa na askari, mwendo wa konokono, vumbi la gari la mbele likiwa ndicho chakula cha gari la nyuma. Shangazi alikubali safari kwa sharti alilolitamka siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake ya magurudumu.

"Sitavuka mto bila habari ya mwanangu. Nikivuka nitakuwa nimemzika kwa miguu yangu mwenyewe. Tukifika darajani na sina habari, nishusheni na nyumba yangu."

"Nikushushe wapi? Utakaa kando ya barabara, mwanamke peke yako, nchi hii ilivyo? Hata usiku wa pili hutaufikia."

"Basi sitaufikia. Mtoto akirudi na asikute mtu, ni nani atakayempa maziwa?"

Baba alizunguka kukagua magurudumu. Alijua kwamba dadake hasemi kitu mara mbili.

Maziwa. Kila jioni alikama mbuzi, na kabla hatujanywa alimimina sehemu ya kwanza katika chombo cha mwanawe, kile cha mizizi iliyofumwa ikabana hata haivuji, kilichofukizwa moshi kwa miaka hadi kikawa cheusi. Akakifunika. Asubuhi alimpa maziwa yale mtu wa kwanza aliyepita, yeyote, mzee au askari wa msafara. "Ya aliye njiani hunywewa na aliye njiani," alisema. Mimi nililala karibu na chombo kile, na mpaka leo nikisikia harufu ya moshi na maziwa huhisi kuna mtu anatarajiwa.

Mchana wa siku ile ya ndege tulifika kwenye kituo kimoja njiani, chenye visima, maduka machache ya bati, na uwanja wa ndege wa changarawe. Msafara ukaambiwa usubiri. Barabara ya mbele ilikuwa ikikaguliwa. Asubuhi iliyofuata askari alipita gari kwa gari akitangaza kwamba watu wote wanakaribishwa kuona nyumba ya ndege. Mkubwa mmoja wa kituo alikuwa amekusanya katika banda mabaki ya ndege za zamani zilizookotwa porini, akayapanga ili wenyeji wayaone na wayashike. Aliamini kwamba ukishika kitu hukiogopi tena.

Madereva wengi walikataa. Mmoja alisema, "Nikitaka kuona chuma kilichokufa nitatazama lori langu." Baba naye alitaka kulala. Lakini shangazi alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

"Wenye ndege nakuja?" aliuliza.

"Atakuwapo rubani wa kuwaeleza," askari alisema.

Shangazi alinitazama. Sikuwahi kumwona na uso ule, na sijauona tena. "Twende, eeddo," aliniambia. Eeddo ni shangazi. Kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lilelile analoitwa yeye, kana kwamba ujamaa ni kamba na kila mmoja ameshika ncha. Baba akatufuata akilalamika.

Banda lilikuwa refu, la mabati, na mlango wake wa bati ulilia kwenye bawaba kama mtoto wa ngamia. Ndani palikuwa na joto na harufu ya mafuta ya zamani. Rubani alitusubiri pale. Nilitarajia mtu wa kutisha. Nilimkuta kijana mwembamba wa bara, ana mwanya, shingo imechubuliwa na jua, mkono mmoja mfukoni kama mwanafunzi asiyejua ajiweke vipi mbele ya wageni. Hakunizidi umri kwa miaka mingi.

Tulikuwa sisi watatu na yeye. Shangazi hakungoja maelezo. Alikuwa ameuza maziwa soko la Garissa kwa miaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko lile, cha kusukumana na kucheka, na kila p kinywani mwake ilitoka b.

"Wewe, kijana. Ni wewe nabita juu jana?"

"Jana asubuhi? Ndiyo, mama, ni mimi."

"Mimi nasimama chini. Naita wewe."

Kijana akatoa mkono mfukoni. "Mama yule wa barabarani! Nilikuona. Wengine wote walikuwa wamejificha, wewe umesimama umeinua mikono. Nikafikiri unanipungia. Nikakupungia pia, ila najua hukuona."

Shangazi akatugeukia, akasema kwa Kisomali, kama mtu aliyeshinda kesi: "Mnaona? Aliniona. Mnasema hawaoni."

Ziara ilianza. Kijana yule alizipenda ndege zake kama sisi tunavyopenda ngamia. Alizigusa kila alipozitaja. Kwanza alituonyesha mabaki ya ndege ya vita vya Mtaliani, mwili mkubwa wa chuma uliokunjika, uliojaa matundu, ukiwa umekaa porini miaka mingi hadi ndege wenye manyoya wakajenga viota ndani yake. Baba, aliyekuwa akijifanya hana haja, akasogea.

"Hizi nazijua," alisema. "Zilikuja Wajir nikiwa kijana. Niliacha kamba ya ngamia nikaingia kisimani na nguo zangu. Nilipotoka, ngamia alikuwa palepale, ananitazama kwa dharau."

Rubani alicheka. Shangazi alikuwa ameinama kwenye kiti cha ngozi kilichopasuka ndani ya mabaki yale. Kando yake, juu ya ubao, palikuwa na miwani ya kurukia yenye kioo kimoja, na kiatu.

"Na wenyewe?" aliuliza.

"Wenyewe nani, mama?"

"Mwenye kiatu."

"Ah. Walikufa, nadhani. Ilianguka mbali sana na watu."

"Mama yake nabewa habari?"

Kijana alikitazama kile kiatu kana kwamba hajawahi kukiona. "Sijui, mama," alisema. "Hakuna aliyeniuliza hivyo."

Mwisho wa banda palikuwa na ndege ya zamani zaidi, ndogo, iliyofunikwa turubai. Upande mmoja turubai lilikuwa limeoza, na ndani zikaonekana mbavu za mbao nyembamba zilizopindwa na kufungwa kwa uzi uliotiwa nta. Shangazi alisimama mbele yake muda mrefu. Kisha akapitisha vidole juu ya fundo moja, akalivuta kidogo, akalinusa.

"Hii si ndege," alisema. "Hii nyumba. Nani nafunga?"

"Fundi wa Ulaya, mama."

"Mwanamke?"

"Huenda. Nimesikia wanawake ndio waliokuwa wakishona turubai."

"Mimi najua. Mwanaume hafungi hivi. Mwanaume nafunga kama anakaba mwizi." Akampiga baba begani, na baba akasema kwa Kisomali kwamba sasa atafunga mikeka juu ya hii nayo, na sisi tutavuka mto kwa hewa.

Tulicheka wote. Nakumbuka nilifikiri, kwa ujinga wangu wa vitabu, kwamba hivi ndivyo vita vitakavyokwisha: watu watacheka katika banda la joto mbele ya kitu kilichofungwa vizuri. Kisha shangazi akaacha kucheka, akanituma lorini nikalete chombo cha mwanawe.

Nilikibeba kwa mikono miwili. Alimimina maziwa ya jana jioni, ambayo asubuhi ile hakumpa mtu, katika kikombe cha bati, akamnyooshea kijana.

"Kunywa."

Aliutazama mlango. Nadhani walikuwa wamekatazwa kula na kunywa kwa wenyeji. Lakini mikono ya shangazi ilikuwa imebaki hewani, na kijana yule alikuwa amelelewa vizuri mahali fulani. Akakipokea kikombe, akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Yana moshi," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, wa nyumbani. "Bibi yangu alifanya maziwa yake hivihivi. Sijayaonja tangu alipofariki."

"Sasa," shangazi alisema, akakaa chini juu ya saruji, akakunja miguu. "Toa habari."

"Habari gani, mama? Sisi haturuhusiwi kusema mambo ya kazi."

Baba akaingilia kati, kwa upole niliokuwa sijamsikia nao siku nyingi. "Hataki mambo ya vita, kijana. Ana mtoto porini."

Na kwa kuwa mwenye kuuliza naye ana lake la kutoa, shangazi alianza. Alimweleza mwanawe: mrefu, ana kovu nyusini, anaimba akinywesha ngamia na anaimba vibaya. Alieleza ngamia: wachache, mbele yao jike mweupe aliyebeba vyombo vya maji, na juu ya vyombo amefungiwa nguo nyekundu ya shangazi, nguo aliyotandwa siku ya harusi yake. "Mimi mwenyewe nafunga," alisema. "Namwambia, jua likali, funika maji na nguo ya mama yako."

Kijana alikuwa ameegemea bawa la ile ndege ya turubai. Aliposikia nyekundu alijinyoosha.

"Nyekundu juu ya ngamia mweupe," alisema polepole.

Shangazi alisogeza kikombe kando.

"Sisi hufundishwa kutafuta rangi. Nchi hii yote ni kahawia, nyekundu huonekana haraka. Mama, niliiona. Kabla ya mvua ndogo. Mashariki ya hapa, pana bonde kavu lenye mti mmoja mkubwa." Alisita. "Sitakudanganya. Mara ya kwanza alikuwa amelala chini ya mti. Ngamia wamesimama kumzunguka. Niliishusha ndege nikazunguka juu yao, ngamia wakatawanyika, yeye hakuinuka. Niliumia moyo. Niliporudi nilisema, lakini palikuwa mbali, na hapakuwa na gari."

Baba alikuwa ameshika bawa.

"Lakini ngoja, mama, ngoja!" Uso wa kijana ulifunguka, mwanya ukaonekana. "Siku chache baadaye nilipita tena palepale. Hakuwapo! Alikuwa ameamka. Ngamia hawakuwapo, wameondoka pamoja naye. Na pale chini ya mti alikuwa amejenga zizi dogo la miba. Miba mibichi, imekatwa juzi tu. Mtu mgonjwa hawezi kukata miba, mama. Amepona yule."

Alituangalia mmoja mmoja akingoja furaha yetu.

"Sisi nashukuru," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare. "Zizi, kubwa? Ya ngamia?"

"La, dogo! Ngamia hata mmoja asingeenea. Kama kitanda hivi. Nadhani alijijengea mwenyewe apate kulala, fisi wasimsumbue."

"Mviringo?"

"Refu. Refu na jembamba."

"Nalala namna gani?"

Kijana aliweka kiganja hewani, akakigeuza kama rubani anayejua pande zake. "Toka macheo kwenda machweo. Sawasawa kabisa, kama alitumia dira. Na jiwe moja huku, na jiwe moja huku."

Zizi letu ni la mviringo, daima. Hakuna mchungaji, hata mlevi, hata kichaa, aliyewahi kujenga zizi refu. Refu na jembamba, la ukubwa wa kitanda, lenye jiwe kichwani na jiwe miguuni, tunajenga moja tu, nalo tunalifunika kwa miba mibichi ili fisi asimfukue aliyelazwa ndani. Na katika nchi yetu, ambako Makka iko kaskazini, mtu akilazwa ubavu wa kuume kuielekea kibla, hulala toka macheo kwenda machweo.

Kijana wa mashamba ya bara angejuaje? Kwao wafu hulala chini ya udongo mwekundu na migomba. Alikuwa ametoa habari yote, hakupunguza, hakuficha, kama desturi inavyotaka. Ila hakujua ni habari gani.

Baba aligeuza uso kwenye mabaki ya ndege ya Mtaliani. Mimi nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Shangazi aliweka mkono juu ya mguu wangu, mkono mzito kama jiwe, nikafunga.

"Alhamdulillahi," alimwambia kijana. "Hakuwa beke yake, basi. Kuna mtu nasaidia yeye kukata miba."

"Lazima! Kazi ile si ya mtu mmoja."

"Mungu amlibe huyo mtu."

"Amina, mama."

Tulivuka mto. Niseme hilo sasa, kwa maana watu huniuliza. Daraja la Garissa lilitikisika chini yetu, maji ya Tana yalikuwa mekundu na mazito, na shangazi alikaa mlangoni mwa nyumba yake, amegeukia tulikotoka, wala hakuomba kushushwa. Upande wa pili, jioni, baba alisimama mbele, nasi nyuma yake, akamswalia maiti asiyekuwapo. Kisha shangazi alikama mbuzi, akatugawia maziwa yote. Chombo cha mwanawe alikiosha, akakifukiza moshi kwa mara ya mwisho, akakitundika kifudifudi kwenye ufito wa nyumba. Tangu siku ile mvumo ukija aliendelea na kazi yake bila kuinua kichwa.

Usiku ule ndipo baba alipomuuliza kwa nini hakumwambia kijana yule ukweli.

"Alinipa habari iliyotimia," alisema. "Nimwongezee nini? Kesho ataruka tena, na keshokutwa. Nchi hii imejaa mazizi marefu sasa. Akijua, atayahesabu. Mwache aone watu waliopona."

Naandika haya mjini, katika chumba chenye rafu za vitabu, miongoni mwa marafiki wanaobishana mpaka usiku kuhusu maana ya vita vile na nani alikuwa na haki. Nami hubishana nao, kwa ukali, na kalamu yangu ni kali vilevile. Kisha ndege hupita juu ya paa ikielekea kutua, nami hunyamaza katikati ya sentensi, wao hudhani nimeshindwa hoja. Ninachokiona si vita. Namwona shangazi akiinuka kutoka kwenye saruji ya banda lile.

Aliinuka taratibu, akakung'uta nguo, akachukua kikombe. Nje mtu alikuwa akiita jina la cheo cha kijana. Ndege yake ilikuwa tayari. Akavaa kofia, akaivua tena kwa heshima, akasimama mbele ya shangazi kama mwanafunzi anayengoja kuruhusiwa.

"Nikipita tena upande ule, mama, nikimwona, nifanye nini?"

"Umbungie mkono," shangazi alisema. "Kama mimi jana."

"Nitampungia. Nitashuka chini kabisa anione."

"Nenda salama, mwanangu."

Neno hilo la mwisho alilisema kwa Kisomali, naye akaitikia kana kwamba amelielewa. Alikwenda mlangoni akitembea upesi, mwepesi, mtu aliyemletea mama habari njema. Shangazi alikuwa akitabasamu. Aliushika uso wake pale ulipo, bila kupepesa, kama mtu anayeshikilia ufito uliopindwa mpaka fundo lifungwe. Kijana aligeuka mara moja, akatupungia. Kisha bati likalia kwenye bawaba, mwanga ukapungua juu ya kile kikombe kitupu cha maziwa, ukapungua juu ya mikono yake, na mlango ukafungwa nyuma ya kijana yule.